Maganda ya Matoke na Mbuzi Wasiokuwepo

Juru, Nakivale
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla sijafika popote nauliza: goti limepoa? Yale maji ya moto na chumvi bado unayaweka, au umeyaacha kwa sababu aliyekushauri ni mimi na si daktari? Na mvua, imewaachia muhogo au imeuozesha wote? Sisi huku ni wazima. Mume wangu anavuna maharage wiki hii, mgongo unamsumbua lakini mdomo haujambo. Neema yuko darasa la nne. Amerefuka, anasema Kinyankole kuliko Kibembe, na nikimkaripia kwa Kibembe anajifanya hasikii.

Wewe ndugu yangu Bahati unayemsomea mama barua hii, soma polepole na usiruke kitu. Nakujua. Ukifika mahali pa kuchekesha unacheka peke yako dakika tano na mama anabaki anakutazama tu. Msomee kwanza, ndipo mcheke wote.

Mama, ujumbe wako ulinifikia. Yule mtu wa kwetu aliyekuja hapa kambini kuwaona jamaa zake alirudi akakuambia amemwona binti yako mjini Mbarara, nyuma ya soko, ameinama kwenye rundo la takataka akichambua maganda ya ndizi. Nawe ukalia, ukanitumia neno: "Rudi nyumbani. Afadhali tufe njaa pamoja kuliko mwanangu kuokota takataka za watu." Ukasema pia kwamba kanisani wanawake wenzako wakikuuliza habari zangu, unawaambia nimepata kazi dukani.

Nilikasirika, sikufichi. Kisha nikalia, kisha nikakasirika tena. Leo roho imetulia, kwa hiyo nakujibu vizuri. Ni kweli, mama, aliniona. Ni mimi yule. Nami nilimwona, nikamwita kwa jina, akageuza shingo kama mtu aliyeitwa na mbwa. Angengoja kidogo angejua maganda yale yanakwenda wapi. Kwa vile hakungoja, ngoja nikueleze mimi, na baada ya kusikia yote utaniambia kama bado unataka nirudi.

Unajua mikono yangu inajua nini. Tangu nikiwa mdogo kuliko Neema nilikuwa nakushikia mwiko kwenye pipa la sabuni, na Fizi nzima ilijua sabuni ya Anjelina, ile nyekundu ya mawese. Huku hakuna mawese. Na yale magadi ya kopo ya kugandisha sabuni, tuliyokuwa tukinunua kwa watu wa Bujumbura, huku ni ghali na hayaonekani. Miaka ya kwanza nililima tu. Na wewe unajua jembe na mimi hatukuwahi kupendana. Nilikuwa napalilia maharage huku nikiwaza sabuni, mpaka mume wangu akasema nimeng'oa maharage na kuacha magugu.

Siku moja tulipeleka magunia ya maharage Mbarara kwa lori. Mume wangu alipokuwa akipatana bei, mimi nilikwenda nyuma ya vibanda vya chakula kutafuta choo. Mama, watu wa huku wanakula matoke, hizi ndizi za kupika, asubuhi, wanakula mchana, na jioni wanauliza matoke yako wapi. Nyuma ya vibanda vile kulikuwa na maganda yaliyofika kiunoni mwangu, yanaoza tu na kuleta nzi. Pembeni mtu alikuwa ameyachoma kidogo. Nilichukua majivu kwa ncha ya kidole nikayaonja. Yaliniuma ulimi! Nikasimama pale kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Majivu yanayouma ulimi yana magadi, hilo wewe mwenyewe ulinifundisha, ingawa tulikuwa hatuyatumii tena tangu makopo yaanze kuja.

Nikarudi na magunia mawili ya maganda juu ya lori tupu. Mume wangu aliyatazama, akanitazama, akasema, "Venansia, batu beko banarudi na sukari, weye unarudi na buchafu." Niliyaanika mpaka yakalia yakiguswa, nikayachoma mpaka majivu yakawa meupe, nikayatia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, nikamimina maji ya mvua taratibu. Yalitoka maji ya rangi ya chai. Niliyachemsha mpaka yakakolea, yai nililotia likaelea na kutoa kichwa, kama ulivyokuwa ukifanya.

Mafuta nayo? Nyuma ya soko lile lile, kila siku ya mnada, wanamwaga maparachichi yaliyopondeka, ambayo hapa wanaita ovakedo. Mnunuzi hataki lenye doa. Mimi nataka lenye doa. Nayaponda, nayaanika juu ya bati mpaka yawe meusi, nakamua ndani ya kitambaa kwa mikono yote miwili na goti moja juu. Yanatoa mafuta ya kijani, mazito, ambayo ukijipaka mkononi ngozi inayanywa.

Usidhani ilikubali mara ya kwanza. Sabuni ya kwanza ilibaki uji. Nilikoroga siku nzima, ikabaki uji. Ya pili niliiharakisha, sikungoja yai lielee sawasawa, nikazidisha maji ya majivu. Niliijaribu kwenye mkono wangu ikanibabua, nikatembea wiki nzima nimeficha mkono ndani ya kitenge ili mume wangu asinicheke. Niliimwaga yote shimoni. Ya tatu niliipa muda wake, kisha nikaitia chumvi kama wanavyofanya Warundi hapa kambini, na asubuhi nilipoibonyeza kwa kidole ilinikatalia. Ilikuwa ngumu! Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani nyoka ameingia. Imekuwa ya kahawia, haina uzuri wa ile nyekundu yako, lakini povu linatoka na ngozi haikauki.

Sasa tufike kwenye kosa langu. Bahati, hapa usiruke.

Maganda ya nyuma ya soko ni machafu, yamechanganyika na plastiki na mengine nisiyoyataja. Nikasikia kwamba kwenye nyumba za wanajeshi, ndani ya kambi yao pale Mbarara, wake zao wanamenya matoke kila siku na maganda yao ni safi. Nikajipa moyo, nikaenda. Wale wanawake walikuwa wema, wakasema chukua tu, unatupunguzia kazi. Lakini wakati wa kutoka, mlinzi wa getini akanisimamisha. Kijana mrefu, bunduki begani.

"Wewe mama, simama hapo! Nini iko ndani ya gunia?"

"Maganda, afande."

"Mimi naona ni maganda. Nauliza, ya kazi gani?"

Mama, wewe unajua sisi tumetoka wapi. Unajua njiani tulivyosimamishwa na watu wenye bunduki, na maswali yao yalikuwa hayo hayo: umebeba nini, cha nini, unakwenda wapi. Tulijifunza kujibu upesi na kujibu kitu kidogo, kitu ambacho hakuna mtu atakitamani. Kijana yule hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafanya kazi yake. Ila mwili wangu haukujua hivyo. Ulimi ukasema peke yake, "Ya kulisha mbuzi, afande."

"Iko na mbuzi? Ngapi?"

"Kumi na mbili."

Kumi na mbili! Hata kuku sina! Na neno likishatoka mbele ya mwenye bunduki, kwetu sisi halibadilishwi. Anayebadilisha maneno ndiye anayekalishwa chini akahojiwa. Basi nikabaki na mbuzi wangu kumi na mbili. Pale getini wakaniita Mama Mbuzi. Wananiuliza, mbuzi hawajambo? Nasema hawajambo. Mmoja amezaa? Amezaa mapacha. Nilikuwa na zizi zima ndani ya kinywa.

Katika nyumba zile kuna mwanamke mmoja, Mama Keneti, mke wa sajini, Mnyankole, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha kuliko mume wake. Ndiye aliyekuwa akiniwekea maganda mengi kuliko wote. Nikaanza kumletea sabuni na kichupa cha mafuta. Aliniuliza imetengenezwa kwa nini, nikasema parachichi. Huo haukuwa uongo, mama, ila ulikuwa ukweli wenye mguu mmoja. Nisingethubutu kumwambia mke wa sajini kwamba anaoga maganda aliyonipa yeye mwenyewe. Aliipenda. Nyufa za visigino vyake zikaziba, akawaambia wenzake, nao wakawaambia wenzao. Ikafika mahali kila nikiingia na sabuni naondoka zimeisha zote, na gunia limejaa maganda. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Uganda, mtu aliniita fundi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba ndani ya lori.

Kisha Peshensi, binti wa Mama Keneti, akachumbiwa. Huku wana sherehe wanayoita kuhingira, ya kumtoa binti kwao, pamoja na zawadi ambazo wazazi wake wanampa aende nazo. Mama Keneti akaanza kumwogesha binti yake kwa sabuni yangu kila siku na kumpaka mafuta yangu, ili siku ya sherehe ang'ae. Nami nikajiona nimefika mbinguni. Siku moja akaniita mlangoni.

"Mama Neema, Peshensi nahingira mwezi kesho. Wewe iko na mbuzi kumi na mbili. Uza mimi mbili, ya kiume, nono. Lakini usilete hapa. Mimi nakuja Nakivale, naona na macho yangu."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu. Aliacha kula.

"Mbuzi kumi na mbili? Weye mwanamuke, hata kuku moya hatuna! Enda umuambie kweli."

"Akijua sabuni ni maganda yake?"

"Basi umuambie mbuzi yote ilikufa siku moya. Umuambie ilikufa na haya!"

Nilikwenda kwa jirani yetu mzee Sebastiani, yule wa Fizi anayefuga, nikamwomba aniazime mbuzi kwa siku moja. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kumi na mbili sina, niko nazo saba. Zenye zinabakia utasema ziko mu malisho." Tuliwafunga uani kwangu asubuhi, nikaweka na majani ili waonekane wenyeji. Nami nikajiona mjanja.

Mama, mtu akitaka kumdanganya Mnyankole, amdanganye kwa kitu chochote, lakini siyo mfugo. Mama Keneti alishuka kwenye pikapu ya kukodi, akasimama uani, akatazama mbuzi, akatazama ardhi. Hata samadi ya jana hakuiona. Akasema, "Ile dume nyeusi, ita yeye." Nikamwita. Dume likageuza kichwa upande wa nyumba ya mzee Sebastiani likalia kwa sauti kubwa. Nikatupa maganda ili kuficha aibu. Mbuzi wakayarukia.

"Hii mbuzi nakula kama leo ni mara ya kwanza," akasema.

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, nami nyuma yake. Nilikuwa nimesahau. Niliwahangaikia mbuzi mpaka nikasahau kwamba nyuma ya nyumba nimeanika maganda kwenye mikeka sita. Alisimama mbele ya mikeka ile.

"Kama maganda ni ya mbuzi, kwa nini wewe naanika kama kahawa?"

Akaona ndoo inayodondosha maji ya rangi ya chai. Akaona majivu. Akaona bati la maparachichi meusi. Na juu ya ubao akaona vipande vya sabuni nilivyovikata jana yake, vya kahawia, vile vile vilivyoko nyumbani kwake. Alichukua kimoja.

"Hii ndiyo mimi naoga?"

"Ndiyo, mama."

"Peshensi naoga?"

"Ndiyo. Mbuzi si zangu. Sina mbuzi hata mmoja. Nisamehe."

Alitazama viganja vyake, mbele na nyuma. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alirudisha sabuni juu ya ubao polepole, akapanda pikapu, akaondoka. Wakati mimi nimesimama kama mti, mbuzi wa mzee Sebastiani walikata kamba wakala mikeka minne ya maganda.

Ni wiki hiyo hiyo, mama, ndipo neno lako lilipofika. Rudi nyumbani. Nilikaa kizingitini na nikaona wewe una haki. Huku nimekuwa mwongo, huko nimekuwa aibu. Nilianza kukunja nguo za Neema. Mume wangu alinitazama, akasema, "Kama ni kurudi, tutarudi. Lakini hatuwezi kurudi sababu ya mbuzi ya mutu. Enda uombe musamaha kwanza, kiisha tutaona." Mume wangu anasema maneno mengi ya bure, lakini lile halikuwa la bure.

Nilikwenda bila gunia na bila sabuni. Mlinzi akasema, "Mama Mbuzi, ulipotea!" Nikamwambia, "Afande, sina mbuzi. Sikuwahi kuwa nao." Akacheka tu, akasema, "Sasa mimi nitakuita nani?" Akaniacha nipite. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Mama Keneti alikuwa amekaa nje na wanawake watatu wanamenya matoke. Aliniona, akaendelea kumenya. Mwishowe akanisogezea kisu kwa mguu.

"Kaa. Menya."

Nikamenya. Nilimenya mkungu mzima, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Mimi sikasiriki maganda. Mimi nakasirika mbuzi. Kwa nini wewe nadanganya mimi?"

Nikamweleza. Nikamwambia habari ya getini, na habari za njiani tulikotoka, na jinsi ulimi wangu ulivyojifunza kusema kabla sijauambia. Nikamwambia sikumwogopa yeye, niliogopa bunduki, na baadaye nikaogopa kumpoteza yeye. Aliweka kisu chini. Yeye ni mke wa mwanajeshi, mama. Watoto wake wamezaliwa ndani ya kambi ile. Alisema polepole, "Basi ile bunduki wewe naogopa, ni bwana yangu." Akachukua ganda moja, akalinyoosha mbele ya uso wangu.

"Wewe naona haya ya hii? Sikia. Sisi Banyankole, nyanya yangu nasafisha chungu ya maziwa na mkojo ya ng'ombe, halafu tunakunywa ile maziwa, na tunaitwa watu safi. Mkojo! Na wewe nakuja hapa kuficha ganda ya tooke?"

Wale watatu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, kamasi zikashuka, nikajifuta kwa mkono wenye utomvu, uso ukawa na mabaka. Wakacheka zaidi. Halafu Mama Keneti akaacha kucheka akasema Peshensi hakuacha kuoga kwa sabuni yangu hata siku moja, hata baada ya kuambiwa, na kwamba nitakuja kwenye kuhingira nikiwa na kikapu cha sabuni kama zawadi ya kwenda na bibi harusi. Na nitasimama mwenyewe niseme imetengenezwa kwa nini.

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote. Mimi sitaki uongo kwa sherehe ya mtoto yangu."

Nilipika sabuni ile kwa siku tisa. Sijawahi kupika kwa woga namna ile. Nilizikata sawasawa, nikazifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, nikazipanga kwenye kikapu. Sherehe ilikuwa nyumbani kwa babake Mama Keneti, upande wa Bwizibwera, kwenye vilima vya ng'ombe. Mahema mawili yanatazamana, huku watu wa bibi harusi, kule watu wa bwana harusi. Wanawake wanaleta zawadi mmoja mmoja: vyungu vya maziwa vyenye vifuniko vya kusuka, mikeka, samli, mablanketi. Kila anayeleta anasema jina lake na ni mtoto wa nani, kisha anasema alicholeta. Hiyo ndiyo desturi yao. Maafisa wa jeshi walikuwepo na wake zao, na wazee wenye fimbo, na mchungaji.

Likaitwa jina langu. Nilibeba kikapu kichwani nikaenda katikati. Nilikuwa nimejifunza maneno ya Kinyankole kutoka kwa Neema, yote yakakimbia. Nikasema kwa Kiswahili:

"Mimi ni Venansia. Mimi ni mtoto wa Anjelina wa Fizi, kule Kongo, mpika sabuni. Ni mkimbizi wa Nakivale. Nimeleta sabuni. Nimeipika kwa maganda ya matoke ya jikoni kwa Mama Keneti, na kwa maparachichi yaliyotupwa sokoni. Ndiyo aliyoogea bibi harusi."

Nilisikia hema likipigwa na upepo. Nilimwona mke wa afisa mmoja akimtazama mwenzake. Nikasema moyoni, kwisha, kesho nafunga mizigo.

Ndipo upande wa pili akainuka bibi mmoja mzee, shangazi wa bwana harusi, akaja mpaka kwenye kikapu akitegemea fimbo. Akafungua sabuni moja. Akainusa. Akaikwaruza kwa ukucha, akasugua ukucha kwenye mkono. Akamwendea Peshensi pale alipokaa, akamshika shavu kama anavyoshikwa ndama wa kununuliwa. Akasema neno kwa Kinyankole kwa sauti ya juu, na mahema yote mawili yakapasuka kwa kicheko na vigelegele. Nikamgeukia Mama Keneti, nasema amesema nini? Alikuwa anafuta machozi.

"Anasema, wao walileta ng'ombe. Basi maganda ya leo ni yao."

Maana nyuma ya jiko kulikuwa na maganda ya matoke yaliyolisha watu mia kadhaa, mlima! Watu wa bibi harusi wakasimama kukataa, wakasema ng'ombe ni wa binti, si wa maganda. Mashemeji wakagombania maganda kwa mzaha mpaka mchungaji akaomba kimya. Mwishowe wakaamua yapewe fundi. Mama, nilipewa maganda mbele ya watu wakubwa, kwa makofi. Yalijaza pikapu mbili, na mume wangu aliyapokea Juru bila neno hata moja juu ya uchafu.

Si kwamba yote yamenyooka. Wakati wa mvua maganda hayakauki, yanaota ukungu, na nimepoteza mengi. Pipa langu limetoboka. Na nikimkuta mlinzi mpya getini, ulimi bado unataka kutaja mbuzi. Lakini sasa wanawake wananiwekea maganda yamekwisha kuanikwa, kila mmoja mlangoni kwake, na wake wawili wa maafisa wanataka mafuta ya watoto wao. Mtu akiniuliza sabuni imetengenezwa kwa nini, namwambia yote, kwa miguu yote miwili. Na hapa Juru akina mama wawili wa kwetu wanakuja kukoroga pamoja nami. Kwa hiyo, mama, sirudi. Nasema kwa heshima yote, lakini nasema.

Nisalimie baba mkubwa, umwambie asiache kuvaa koti asubuhi. Nisalimie mama mdogo na mapacha wake, na shangazi yangu muuza dagaa, na shemeji fundi baiskeli. Msalimie mchungaji wetu. Na yule mtu aliyeleta habari, msalimie pia, mwambie safari nyingine akipita Mbarara aitikie akiitwa, nitampa sabuni.

Neno langu la mwisho ni la kwako peke yako, ingawa Bahati atalisoma. Siku ile katikati ya mahema mawili, mbele ya wanajeshi na wazee na watu nisiowajua, walitaka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nilitaja jina lako, mama. Nilikuwa nimebeba sabuni ya maganda kichwani na nililitaja kwa sauti. Sasa nakuomba nawe. Jumapili ijayo, wanawake wenzako wakikuuliza kanisani binti yako anafanya kazi gani Uganda, usiwaambie duka. Litaje jina langu, kisha sema: anaokota maganda.

Ni mimi mtoto wako wa pili,
Venansia